Mtu Aliyeshika Ngazi

Swali letu la leo ni jepesi kuuliza na zito kujibu. Mtu hakupiga, hakuiba, hakuua. Lakini alitia sahihi yake katika karatasi, na kwa nguvu ya karatasi ile mwingine akapiga, akaiba na kuua. Je, mwenye sahihi anajibu nini mbele ya Mungu na mbele ya wenzake?

Sisi watu wa Likasi tuna haki ya kuuliza, kwa maana mji wetu umetoka katika makaratasi. Mawe yalikuwapo tangu kale, na watu waliokuwa wakiyachimba walikuwapo pia, lakini migodi, reli, tanuru za Panda na za Shituru, mipaka ya viwanja, hata jina tulilovikwa miaka mingi, vyote vilianza kwa kalamu mezani. Jadotville liliitwa hivyo kwa ajili ya Bwana Jean Jadot, mhandisi aliyekuwa mkuu wa Union Minière, naye hakuzaliwa hapa wala hakufia hapa. Tulibaki na jina lake mpaka mwaka 1966.

Habari za Mfalme Leopold II zinajulikana kwa wengi, tena watoto wa shule wanazisoma. Leo sitaki kusema juu yake. Nataka kusema juu ya mtu mwingine, mwanasheria, ambaye jina lake halitajwi sana huku kwetu: Auguste Beernaert. Pasipo yeye mfalme angalipata shida kubwa kuwa mwenye Kongo. Na ubaya wa habari yake ndio huu, kwamba alikuwa mtu mwema.

Alizaliwa Ostende, pwani ya Ubelgiji, tarehe 26 Julai 1829, katika nyumba ya Wakristo. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali. Alisoma sheria katika chuo kikuu cha Leuven, akapata udaktari mwaka 1851, kisha akaenda Paris, Heidelberg na Berlin kuongeza elimu. Mwaka 1853 akaandikwa kuwa wakili, au avoka kama tusemavyo huku. Alijua hasa sheria za kodi na za fedha, akapata sifa na mali kwa kazi yake. Mwaka 1873 aliitwa serikalini kuwa waziri wa kazi za umma, na mwaka 1884 akawa waziri mkuu, akishika pia wizara ya fedha. Chama cha Wakatoliki ndicho kilichokuwa kikitawala. Alikaa katika kiti hicho karibu miaka kumi, mpaka mwaka 1894.

Sasa tazameni alivyotenda kwao. Mwaka 1886 wafanyakazi wa migodi na viwanda vya Ubelgiji waligoma kwa fujo kubwa, askari wakawapiga risasi, watu wakafa. Serikali ya Beernaert haikutosheka na bunduki. Iliweka tume ya kuchungua maisha ya wafanyakazi, na baada yake zikaja sheria. Sheria ya mwaka 1887 iliwakataza matajiri kuwalipa watu mshahara kwa vitu. Desturi mbaya ilikuwa imezoeleka: mfanyakazi hapewi fedha, anapewa unga, nguo au pombe katika duka la bwana wake mwenyewe, kwa bei atakayo bwana. Beernaert na wenzake walisema, hapana, mtu aliyefanya kazi apewe fedha mkononi. Sheria ya mwaka 1889 ilikataza watoto chini ya miaka 12 kufanya kazi viwandani na migodini. Na mwaka 1893 katiba ilibadilishwa, hata wanaume maskini wakapata kura, ingawa tajiri na msomi waliweza kupewa kura mbili au tatu. Hesabu ya wapigaji kura ikapanda karibu mara kumi.

Nani atasema mambo haya si mema? Baba zetu waliofanya kazi katika Union wangejua thamani yake kuliko sisi. Lakini hapa ndipo fikira inapojikwaa. Katika miaka ile ile ambayo Mbelgiji mchimba makaa alipata sheria ya kulipwa fedha, mtu wa Kongo alichukuliwa mzigo na kazi yake kwa malipo ya shanga, kitambaa au waya wa shaba nyeupe, kama akilipwa. Na kura ambayo mchimba makaa alipewa mwaka 1893, watu wa Jadotville waliipata mara ya kwanza Desemba 1957, kuchagua madiwani wa mitaa yao. Ni miaka 64 kati ya hizo mbili. Mkono ule ule uliofungua mlango huku, ulitia sahihi kule.

Sahihi hiyo ilikuwa ya nini? Katiba ya Ubelgiji ilisema mfalme hawezi kuwa mkuu wa nchi nyingine pasipo ruhusa ya mabaraza yote mawili, tena kwa theluthi mbili za kura. Mwezi wa Februari 1885 mkutano wa Berlin ulikuwa umekwisha, na mataifa yalikuwa yamekubali chama cha Leopold kuwa dola. Basi mfalme alikuwa na nchi, lakini sheria ya kwao ilimkataza kukaa katika kiti chake. Alihitaji waziri wa kumwombea ruhusa. Beernaert akaomba. Mwisho wa Aprili 1885 mabaraza yakakubali, na katika baraza la wabunge ni mmoja tu aliyepiga kura ya kukataa, Xavier Neujean wa Liège, naye pia alikuwa wakili. Mmoja!

Ruhusa ile iliandikwa kwa ufundi. Ilisema kwamba Leopold anaruhusiwa kuwa mkuu wa dola ile ya Afrika, na kwamba umoja kati ya Ubelgiji na dola mpya ni wa mtu binafsi tu. Yaani nchi mbili, mfalme mmoja, wala nchi ya kwanza haina deni, haina vita, haina neno na nchi ya pili. Wabelgiji walikuwa wachoyo wa fedha zao, wakaogopa gharama. Maneno yale yaliwatuliza. Waliambiwa: mfalme ataingia, ninyi mtabaki nje.

Mwanasheria anajua kuchora mstari. Ndiyo kazi yake, wala si kazi mbaya. Pasipo mistari hakuna shamba la mtu wala nyumba ya mtu. Lakini mstari wa sheria unagawanya madeni, haugawanyi dhamiri. Mtu akisema, «Mimi na ndugu yangu tumegawana mali, yake si yangu,» amesema kweli mbele ya hakimu. Hiyo haimpi ruhusa ya kumpa ndugu yake panga usiku, akijua anakokwenda.

Tutazame basi yaliyofuata upande wetu. Tarehe 1 Julai 1885, siku dola ile ilipoanza, amri ilitolewa kwamba ardhi iliyo tupu ni mali ya dola. Iliyo tupu! Neno dogo, na ndani yake likaingia pori lote la kuwinda, mashamba yaliyopumzishwa, misitu, na vilima vyote vya shaba. Mwaka 1892 mtaalamu wa mawe Jules Cornet alipita katika nchi yetu, akaona Kambove na mahali pengine mashimo ya zamani ambayo watu wa nchi walikuwa wamechimba kwa mikono yao. Huku watu waliyeyusha shaba na kuimimina kwa mfano wa msalaba, na misalaba hiyo ilikwenda mbali sana katika biashara na mahari. Mzungu msomi anasimama ukingoni mwa shimo lililochimbwa na vizazi vya watu, na karatasi mfukoni mwa serikali yake inasema nchi ni tupu. Nani wa kulaumiwa kwa neno lile? Beernaert hakuliandika. Lakini aliyeliandika alipata kiti chake kwa mkono wa Beernaert.

Hapa yafaa tukumbuke fundisho moja la Kanisa. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI alilaani mafundisho 65 ya walimu waliokuwa wakiilegeza sheria ya Mungu. Mojawapo lilikuwa hili: mtumishi anamsaidia bwana wake kupanda dirishani ili amharibu msichana, anampa bega lake akanyage, au anamletea ngazi, naye anajua bwana anakwenda kufanya nini. Walimu wale walisema kwamba mtumishi hana dhambi kubwa akiwa anaogopa hasara, kama vile kutazamwa vibaya au kufukuzwa kazi. Papa akasema, la. Mwenye kushika ngazi hakupanda, hakuingia, hakumgusa msichana. Lakini alijua, akashika. Hofu ya kufukuzwa haikumwosha.

Neno zito katika fundisho lile ni «anajua». Walimu wetu wa maadili hutofautisha mtu anayesaidia ubaya kwa kuutaka na mtu ambaye kazi yake njema inatumiwa na mwingine kwa ubaya. Mhunzi anauza jembe. Mnunuzi analipigia mtu kichwa. Mhunzi hana kosa. Basi lazima tuulize kwa haki, kama vile tungetaka sisi wenyewe tuulizwe: Beernaert alijua nini, na tangu lini?

Mwaka 1885 naona anaweza kujitetea. Mfalme alikuwa amejivika vazi la mtu wa elimu na wa huruma. Alisema anakwenda kukomesha biashara ya watumwa, kufungua njia, kusaidia misioni. Marekani ilikuwa imemkubali, Ujerumani na Uingereza pia. Maaskofu, maprofesa, wafanyabiashara, wote walimsifu. Waziri mkuu aliyekuwa hajapata kukanyaga Afrika angejuaje? Tusimhukumu mtu kwa mambo ambayo sisi tumeyasoma baada ya miaka mia. Ingawa hivyo, yule mmoja wa Liège alikataa.

Lakini ngazi haikushikwa mara moja. Mwaka 1887 mabaraza yaliruhusu dola ya mfalme kukopa faranga milioni 150 kwa hati za bahati nasibu ndani ya Ubelgiji. Mwaka 1889 serikali ya Beernaert ilitoa milioni 10 kwa kampuni ya reli ya Matadi. Na tarehe 3 Julai 1890 akatia sahihi mkataba mkubwa: Ubelgiji itaikopesha Kongo milioni 25, tano mara moja na mbili kila mwaka kwa miaka kumi, pasipo riba, baada ya miaka kumi na nusu Ubelgiji itaweza kuichukua Kongo iwe yake. Mstari wa mwaka 1885 ukafutika. Mwenye kukopesha, tena anayengoja kurithi, hawezi kusema tena kwamba yuko nje.

Msomaji, nakuomba ukae kidogo na mkataba huo, kwa sababu ndani yake kuna sharti linalonishughulisha kuliko mengine yote. Lilisema kwamba tangu siku ile Ubelgiji itapewa habari zozote itakazotaka juu ya uchumi, biashara na fedha za Kongo. Lakini haitajiingiza hata kidogo katika utawala wake. Beernaert, mtu wa sheria za fedha, alijihakikishia haki ya kuuliza habari za fedha. Mpira umetoka kiasi gani? Pembe zimeuzwa kwa bei gani? Aliweza kuuliza yote hayo. Mpira unapatikanaje, nani anaukata, akishindwa anafanywa nini: maswali hayo yalibaki nje ya karatasi. Hakuna aliyemdanganya hapa. Macho aliyapima mwenyewe, akaamua yaone mpaka wapi.

Mafundisho yetu yanajua namna mbili za kutojua. Kuna kutojua kwa mtu ambaye hakuwa na njia ya kujua, nako humtoa hatiani. Na kuna kutojua kwa mtu aliyepita mbele ya mlango uliofunguka kidogo, akasikia kilio, akaharakisha hatua. Huyu wa pili hajui kweli. Ukimwapisha ataapa kwamba hajui. Lakini kutojua kwake ni kazi ya mikono yake.

Mwezi wa Septemba 1891, mwaka mmoja tu baada ya mkataba, mfalme alitoa amri ya siri kwa wakubwa wake wa Kongo wahakikishe mpira na pembe vinaingia mikononi mwa dola. Mwaka 1892 alikopa milioni 5 kwa bwana mmoja wa Antwerp, Browne de Tiège, akaweka rehani hekta milioni 16 za nchi, ingawa mkataba ulimkataza kukopa bila idhini ya Ubelgiji. Habari hii ilijulikana mwaka 1895, Beernaert akiwa amekwisha kutoka serikalini. Aliumia. Wakili aliyechonga mkataba kwa uangalifu aliona mfalme amepita juu yake kama mtu anavyoruka mfereji. Lakini uchungu huo ulikuwa wa mtu aliyevunjiwa mkataba. Watu waliokaa juu ya zile hekta milioni 16 hawakuwa na mkataba wa kuvunjiwa.

Wakati Beernaert alipokuwa akitia sahihi kule Brussels, mtu mwingine alikuwa akiombwa sahihi hapa kwetu. Mwezi wa Novemba 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa Mwami Msiri, akiwa na karatasi ya kampuni ya Cecil Rhodes. Msiri hakujua kusoma. Lakini alikuwa ameonywa na mmisionari Arnot asitie alama katika karatasi kabla ya kujua maana yake. Akamwita mmisionari Swan amfasirie neno kwa neno. Alipokwisha kusikia kwamba karatasi inamtolea nchi yake, alikataa, na Sharpe akaondoka mikono mitupu. Haya ndiyo aliyofanya mtu asiyekwenda shule.

Simwiti Msiri mtakatifu. Aliuza watu na pembe, aliwatawala Basanga kwa ukali mpaka wakamwasi, na mafuvu ya adui zake yalionekana juu ya miti ya boma lake. Lakini kwa jambo hili moja, la kuuliza karatasi inasema nini na itawafanya nini watu kabla ya kuikubali, mtawala yule mkali wa Bunkeya alimshinda daktari wa sheria wa Leuven. Mwaka uliofuata walikuja watu wa msafara wa Stairs, waliotumwa na Kampuni ya Katanga kwa ajili ya Leopold. Walipandisha bendera bila idhini yake, na tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson akampiga risasi, naye Bodson akapigwa akafa. Kampuni ile ilikuwa imekwisha kuahidiwa theluthi moja ya ardhi «tupu» ya Katanga.

Wengine watasema: kama si Leopold, angekuja Rhodes, Beernaert angekataa, mambo yangekuwa yale yale. Neno hili nalisikia mara nyingi, tena si katika habari za kale tu. Mlinzi wa ghala husema hivyo: nisipofungua mimi, mlinzi wa zamu ya pili atafungua. Huenda ni kweli. Lakini swali la dhamiri halikuwa «ghala litaibiwa au halitaibiwa». Lilikuwa «ufunguo u mkononi mwa nani usiku huu».

Tena tusisahau kwamba Beernaert alijua kusema «la» alipotaka. Mwaka 1894 aliacha uwaziri mkuu kwa hiari yake. Kwa nini? Kwa sababu alitaka viti vya baraza vigawanywe kulingana na kura za kila chama, ili wachache nao wasikike, na wenzake wakakataa. Aliona ni haki, akakiacha kiti. Basi hakuwa mwoga, wala hakuwa mtu wa kupenda cheo kuliko haki. Moyo wa kujiuzulu alikuwa nao. Aliutumia kwa ajili ya hesabu ya kura za Wabelgiji.

Mwaka 1901 muda wa mkataba ulikwisha. Beernaert, sasa mzee wa miaka zaidi ya 70, alitaka Ubelgiji iichukue Kongo mara moja kutoka mikononi mwa mfalme, akaleta shauri lake barazani. Hapa twaona dhamiri imeamka. Wakati ule habari za ukatili zilikuwa zimekwisha kufika Ulaya kwa midomo ya wamisionari wa Kiprotestanti. Mfalme akamwandikia barua Woeste, mbunge mwingine Mkatoliki, naye wakili, akikataa shauri lile. Beernaert akaliondoa. Baraza likapitisha sheria ya kuahirisha deni, na Leopold akabaki na Kongo miaka saba zaidi.

Miaka saba! Katika miaka hiyo Balozi Casement aliandika taarifa yake, iliyotangazwa mwaka 1904. Mfalme mwenyewe alilazimika kutuma tume ya wanasheria watatu, Mbelgiji Janssens, Mwitalia Nisco na Mswisi Schumacher, na taarifa yao ya mwaka 1905 ilikubali kwamba mambo mengi ya kutisha ni kweli. Mwaka 1906 Padre Arthur Vermeersch, Mjesuiti, mwalimu wa maadili kule Leuven, alitoa kitabu kikubwa juu ya jambo la Kongo, akakemea utawala ule. Hiyo ilihitaji ushujaa, maana Wakatoliki wengi wa Ubelgiji walikuwa wamejifariji kwa kusema hayo yote ni wivu wa Waingereza na chuki ya Waprotestanti. Yafaa tulikiri jambo hili katika gazeti la Kanisa: ukweli uliletwa kwanza na watu wengine, na wetu wengi waliuchelewesha kwa sababu hawakumpenda aliyeuleta.

Nasema kwa upande wangu: simwekei Beernaert mzigo wa mwaka 1885. Namwekea wa mwaka 1890, kwa lile sharti la kutouliza, na wa mwaka 1901, kwa kuondoa shauri ambalo moyo wake ulijua ni la haki. Kosa la kwanza kati ya haya lilikuwa la mtu mwenye akili nyingi, aliyejua namna ya kupanga maswali yasimfikie. Kosa la pili lilikuwa la mtu aliyezoea, miaka mingi, kwamba mfalme akisema neno, neno limekwisha. Naona la pili ni zito zaidi, kwa maana sasa alijua. Wapo watakaosema kura yake isingeshinda. Pengine. Neujean naye hakushinda mwaka 1885, lakini jina lake halimo katika orodha ya waliokubali.

Mwaka 1909 Beernaert alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, pamoja na Mfaransa d'Estournelles de Constant. Alistahili kwa kazi aliyotuzwa: alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika mikutano ya The Hague ya mwaka 1899 na 1907, akitafuta mataifa yapatane mbele ya waamuzi badala ya kupigana. Leopold alikufa mwezi ule ule wa Desemba ambamo tuzo zilitolewa. Sijui kama kuna mwezi mwingine katika historia yetu unaoweka mambo mawili karibu namna hiyo.

Najua baadhi ya wasomaji wananuna: kwa nini kuchimbua kaburi la mzee wa Ulaya, na sisi tuna shida zetu? Ni kwa sababu ya shida zetu. Katika mji huu na pembeni yake sahihi zinatiwa kila siku. Mkubwa wa mtaa anaulizwa kutia muhuri kwamba lupango fulani halina mwenyewe, na anajua mjane aliyekaa humo amekwenda kijijini kuzika. Karani wa ushirika wa wachimbaji anapewa orodha ya watu wazima, na amewaona watoto wakiosha mawe mtoni. Mzee wa kijiji anasainishwa kwamba watu wake wamekubali kuhama, naye hajawaita. Mlei katika baraza la parokia anaidhinisha hesabu ambazo hakuzisoma, kwa maana padre ni mtu mwema. Hakuna hata mmoja kati yao anayepanda dirishani. Wengi wao ni watu wa sala, tena husaidia wengine, kama Beernaert alivyowasaidia wachimba makaa. Na karatasi zenyewe huja na maneno laini: ni kawaida tu, ni ya binafsi, haikuhusu, weka hapa chini.

Anayetaka kujua kama ameshika ngazi ana maswali ambayo Beernaert hakuyaweka katika mkataba wake. Neno «tupu» katika karatasi hii linafunika nani? Nimejiwekea haki ya kuuliza nini, na nimekatazwa kuuliza nini, na nani aliyenikataza? Mfalme akileta barua, nitaondoa shauri langu?

Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo, hatimaye. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ya Union Minière ilimiminwa Lubumbashi. Mwaka 1912 Beernaert, mwenye miaka 83, alikwenda Geneva kwa mkutano wa wabunge wa mataifa juu ya amani; njiani kurudi kwao akashikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa Lucerne, nchi ya Uswisi, tarehe 6 Oktoba. Mwaka uliofuata reli ilifika Kambove, ikiwa imepita katika nchi ile ambayo karatasi ilisema ni tupu, na watu wakatoka vijijini kuitazama.